Ufa wa Chumba cha Nyuma

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Nimeisikia tangu darasa la pili.
Methali lakini haikusema aitwe nani,
wala alipwe shilingi ngapi,
wala kama atatoa risiti.

Nyumba yangu imekaa mteremkoni, Katubuka,
mgongo kwa kilima, uso kwa ziwa.
Ufa ulianza mwembamba, kama uzi wa mshono,
juu ya dirisha la chumba cha nyuma,
mwaka ule alipofariki baba watoto,
ukashuka pole pole
kama mtu anayepapasa kitu gizani.

Fundi wangu ni Butoyi.
Hana ofisi. Ofisi yake ni baiskeli,
mwiko umefungwa kwa mpira wa tyubu,
na pimamaji ambayo povu lake lilishatoroka.
Aliezeka banda. Alinyoosha mlango.
Alizibua karo siku ya arobaini, watu wamejaa uani,
na kuhusu hela akasema, "Mama Asteria, tutaongea."

Ule ufa ameuziba mara tatu.
Mara tatu ameupiga lipu, ameukanda kwa kiganja,
ameupaka rangi iliyobaki koponi.
Kila masika ukarudi
pale pale, bila hata kubisha hodi.

Mwanangu akapiga simu kutoka Kahama:
"Mama, tafuta mkandarasi. Mwenye leseni. Mwenye muhuri.
Nyumba ikianguka, Butoyi utamshtaki wapi?"
Nikamuuliza, "Na huyo wa muhuri,
bomba likipasuka saa nane za usiku, atakuja na viatu gani?"
Tukanyamaza wote wawili
vocha yake ikiendelea kuliwa.

Akaja Felista Ruhoro, mkandarasi daraja la saba,
cheti ndani ya plastiki, buti zina tope la kwingine.
Alizunguka nyumba nzima, ufa hakuugusa.
Aliangalia mfereji. Aliangalia migomba ya jirani
na shimo lake la maji machafu kule juu.
Bei aliyoandika, nilidhani ni namba ya simu.

"Usinilipe bado," akasema.
Akabandika kipande cha kioo juu ya ufa,
ncha huku saruji, ncha huku saruji,
akaandika tarehe kwa penseli.
"Kikivunjika, ugonjwa haupo ukutani."

Siku ya kumi na moja mvua ilipiga toka magharibi.
Asubuhi kioo kilikuwa vipande viwili,
kimekatika safi, kama muhogo mkavu.

Nilimwita Butoyi kabla ya kumwita yeye.
Labda nilitaka anibishie.
Alivua kofia, akaweka kidole
pale kioo kilipoachana.
"Kumbe nilikuwa namfunika mgonjwa shuka,"
akasema. Hata chai hakuisubiri.

Kikoba kikanikopesha, mbuzi wawili wakaenda,
Kahama ikatuma iliyopungua.
Mkataba ulikuwa kurasa sita; nikasaini zote,
mkono unatetemeka kama naoa.

Jumatatu vijana wakashuka kwenye pikapu
na kofia za njano, nondo, sururu.
Wa mwisho kushuka, kofia imempwaya,
mwiko umefungwa tyubu:
Butoyi.
Felista hakuona ajabu.
"Niliuliza nani anaujua udongo wa huku," akasema.
"Wote walimtaja yeye."

Wiki tatu walichimba. Yeye alimwambia kina,
naye akamwonyesha maji yanakopita
wakati sisi tumelala.
Kwenye mkataba kuna jina langu
na jina la kampuni. Basi.

Siku ya zege, kabla udongo haujarudi,
nilimwona amechutama shimoni
anachora kwa msumari kwenye zege bichi:
BUTOYI, ile Y imelala ubavu.
Felista naye aliona.
Akatazama saa, akatupa mgongo,
akaliangalia ziwa kwa muda mrefu,
mpaka zege likashika.